Kabla ya Kutabiri Kurudi kwa Uvimbe wa Ubongo

Juma lililopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa uzamili, aliniuliza atumie alama ipi ya kibiolojia kutabiri meninjioma (uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo) zitakazorudi baada ya upasuaji. Swali lake lilitonesha jeraha nililodhani limepona, kwa kuwa nami niliwahi kuunda programu ya utabiri iliyopatia karibu kila mgonjwa wa hospitali yetu, kisha ikaanguka vibaya nilipoijaribu kwa wagonjwa wa hospitali nyingine, mbele ya jopo ambalo halikunihurumia.

Hisabati haikuwa na kosa. Niliitegemea Ki-67, protini inayoonekana katika viini vya seli zinazojigawa, bila kuuliza ni nani aliyehesabu na alihesabia wapi. Baadaye niliketi kwenye hadubini na mwenzangu, tukahesabu viini vilivyoshika rangi ya kahawia, yaani vyenye Ki-67, katika slaidi ileile: yeye alichagua eneo lililosheheni viini hivyo akapata asilimia 9, mimi nikachukua wastani wa slaidi nzima nikapata 4. Andika kanuni yako ya kuhesabu kabla hujagusa slaidi ya kwanza.

Jeni zina ubishi mdogo zaidi. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaiweka meninjioma katika daraja la 3, lililo kali kuliko yote, ikiwa ina mabadiliko katika promota (sehemu inayowasha jeni) ya jeni ya TERT au imepoteza nakala zote mbili za CDKN2A/B, jeni zinazozuia seli kujigawa ovyo, hata kama seli zake zinaonekana tulivu. Hata hivyo, wagonjwa wenye mabadiliko hayo ni wachache, na programu haijifunzi mengi kwa mifano ya kuhesabika vidoleni.

Linaloniuma hadi leo ni jingine. Niliandika “umerudi” hata pale ambapo daktari alilazimika kuacha kipande kilichong’ang’ania mshipa mkubwa wa damu, na nikaandika “haukurudi” kwa mgonjwa aliyefuatiliwa miaka miwili tu, ilhali meninjioma yaweza kurudi baada ya miaka kumi. Tangu mwaka 1957, daktari wa upasuaji wa ubongo Donald Simpson alipoupanga upasuaji huu katika madaraja matano kulingana na kiasi cha uvimbe kilichoondolewa, inajulikana kwamba kilichobaki kichwani kina uzito mkubwa. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nikayapuuza kwa uchu wa jeni. Nanyi wenzangu mnaoota kuchapisha mapema, acheni uchu huo. Hesabuni seli kwa kanuni moja, fuatilieni wagonjwa kwa miaka ya kutosha.

Nilimjibu msomaji wangu aanze na picha za MRI zilizopigwa mara baada ya upasuaji. Hajaniandikia tena.