Re: Kuthibitisha umri bila kuonyesha tarehe ya kuzaliwa
Mkuu, umeuliza kama unaweza kuthibitisha umevuka miaka 18 bila kuanika tarehe ya kuzaliwa. Inawezekana. Leseni ya udereva ya kwenye simu, ile ya kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 18013-5 (2021), ina kipengele cha "amevuka 18: ndiyo". Kila taarifa huchanganywa na namba nasibu ikawa heshi (alama fupi isiyoweza kugeuzwa kurudi kuwa taarifa yenyewe), mtoaji wa leseni anasaini kidijitali orodha ya heshi, nawe unafunua taarifa moja tu. SD-JWT, muundo mwingine wa vitambulisho vya kidijitali, nayo ni hivyohivyo, ila kwa JSON (namna ya kuandika data kama maandishi). Kasoro ya zote mbili: saini haibadiliki, kwa hiyo maduka mawili yakilinganisha kumbukumbu yatajua ni wewe yuleyule. Ndiyo maana hutolewa nakala nyingi, kila moja na saini yake, za kutumia mara moja. BBS, aina ya saini inayokuwezesha kutoa uthibitisho mpya kila mara, inatibu hilo, tatizo chipu nyingi za usalama za simu haziijui.