Usinifanye mimi kuwa sababu ya kubaki

Mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam. Swali lako nimelipata. Ofisi imekuiteni Dar wiki hii mkaambiwa kuanzia mwezi ujao kila mtu awe mezani kwake siku zote tano. Unauliza urudi, au uwaambie umeshazoea kuifanyia kazi hapa Wete, Pemba, tangu mwaka wa korona na huhami tena. Ukaongeza kwamba presha yangu inakutia wasiwasi.

Nenda, mwanangu.

Mimi nimefanyia kazi nyumbani miaka thelathini. Kofia za kiua nimezishona ukumbini, tundu moja moja, kofia moja miezi, chungu kiko jikoni na wewe mgongoni. Niliipenda kazi ile. Mlipougua nilikuwa nanyi, sikumuomba mtu ruhusa. Lakini haikuwa na saa ya kufungwa. Hata baada ya Isha sindano i mkononi. Na lililoniumiza zaidi nililijua nimeshachelewa. Mchuuzi alikuja mlangoni, akataja bei, nikapokea, miaka na miaka. Siku moja kwenye arusi ya mtaa wa pili nikawasikia wenzangu barazani wakitajiana anachowalipa mtu yule yule. Mimi nilikuwa napata kama nusu yao. Nilirudi nyumbani nikalia. Tangu siku ile alasiri nikawa nachukua kitambaa changu nakwenda kushona nao, na huko ndiko nilikojifunza michoro ya viua nisiyoijua, kwa kuutazama mkono wa bibi mmoja ambaye wala hakunifundisha kwa maneno.

Zile tafiti ulizonitumia, za Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, kaka yako amenisomea kwa Kiswahili. Kweli, ule wa 2024 ni wa wafanyakazi 1,612 wa Trip.com kule China: waliopewa siku mbili za nyumbani hawakupitwa kwa vyeo, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi. Mabosi wako wangeusoma huo wasingeshikilia siku tano. Lakini siku tatu zilizobaki watu wale walikuwa ofisini, mwanangu, na wewe hukwenda hata moja. Katika ule wa kwanza, ulioanza 2010 kwenye kampuni hiyo hiyo, waliokaa nyumbani siku nne kwa wiki walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13, ila kupandishwa vyeo hakukulingana na kazi yao, na wengi wakaomba kurudi kwa sababu ya upweke. Nilipofika hapo nikamwambia kaka yako asite kidogo, nikazikumbuka kofia zangu.

Bado kijana wewe. Nataka ukae karibu na wanaoijua kazi kuliko wewe, uwatazame, na usikie wenzako wanalipwa nini.

Ila usirudi kimya. Siku mbili za nyumbani hazikufai wewe, bahari iko kati: Mkoani mpaka Unguja, Unguja mpaka Dar, siku imekwisha. Omba kwa wiki. Wiki tatu Dar, moja Wete, na wakuandikie kwenye karatasi. Wakikataa mwaka huu, uliza tena mwakani. Waya wa umeme kutoka Tanga umefika Pemba tangu 2010, kwa hiyo waambie wiki yako ya huku utafanya kazi kama kawaida. Miaka yote hii wameiona.

Presha yangu inapimwa, na dawa nakunywa kila asubuhi, dada yako anasimamia. Usinifanye mimi kuwa sababu. Siku utakayojuta utanitazama, hutasema neno, na mimi nitajua.

Shangazi yako wa Magomeni nimeshampigia, chumba cha uwani ni chako. Ukija kuchukua vitu vyako nitakuwa nimeimaliza kofia ya ami yako, umpelekee.

Mamako