Matunguu ya ledeburia hayafukiwi: kwa vijana wetu wa kitaluni

Juzi nimemkuta mmoja wenu amefukia matunguu ya ledeburia, ule mmea wetu wa vyunguni wenye majani ya madoa, hadi shingoni na kuushindilia udongo kwa kidole gumba, nikaumia moyo, kwa kuwa kosa hilo nimewahi kulilipia.

1. Tunguu likae juu. Ledebouria socialis asili yake ni Eastern Cape nchini Afrika Kusini, na tunguu lake la zambarau ndilo ghala lake la maji, kwa hiyo nusu yake ibaki nje ya udongo. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii hapa Tabora, mama mmoja aliyekuwa akihamia Kigoma alinikabidhi matunguu arobaini akisema, "Mwanangu, nitunzie haya." Kwa kuyapenda, niliyazamisha yote katika udongo wa mfinyanzi wenye samadi mbichi, nikayamwagilia kila asubuhi, na mvua za Novemba zilipoanza nikaviacha vyungu uwanjani. Kwa wiki kadhaa majani yalibaki ya rangi ya fedha yenye madoa ya kijani, nami nikaamini yanastawi. Asubuhi moja niligusa jani, likang'oka lenyewe, na shina lake lilikuwa uji wa kahawia unaonuka kama viazi vilivyooza. Nilibonyeza tunguu, kidole kikazama. Katika arobaini, matatu tu yalikuwa magumu. Mama alipopiga simu nilimweleza ukweli wote, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hayo matatu usiyape maji mpaka uniulize." Ledeburia zote mnazoziona kwenye kichanja cha mashariki ni uzao wa hayo matatu, na ndiyo maana huwa mkali mnapozishika.

2. Changanyeni mchanga wa mto kwa wingi, na chungu kiwe na matundu.

3. Mwagilieni udongo ukishakauka. Juni na Julai, usiku unapopoa, punguzeni zaidi, na masika yakifika vyungu viingie chini ya paa.

4. Jua la asubuhi linatosha. Kivulini majani hurefuka, hulegea, na madoa hufifia, na mteja wetu hununua madoa.

5. Mnapogawa vichipukizi, acheni majeraha yakauke siku chache kabla ya kupanda. Mmea huu una sumu ukiliwa, hivyo mbuzi wa jirani na watoto wasiufikie.

Yale ya juzi sijayagusa. Aliyeyapanda ayainue leo, kabla ya zamu ya maji ya jioni.