Kwa nyinyi mnaoanza kupeleka wageni Ukambani

Jumamosi nimewaona tena Wamunyu, kwa wachongaji wa vinyago. Gari mbili, injini hazijazimwa, wageni wanashuka, wanampiga picha mzee akichonga, wanapanda. Dakika 20. Kijana aliyefunga mlango wa mwisho nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, na ndiyo maana naandika.

1. Punguzeni vituo. Nairobi hadi mji wa Machakos pekee ni kilomita 60 na kitu, na foleni ya Mombasa Road mnaijua. Ukibandika maporomoko ya Fourteen Falls asubuhi na Wamunyu mchana, mgeni atakumbuka kiti cha gari tu.

2. Ukiagiza chakula, kaeni mkile. Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka wageni 11. Siku tatu kabla nilikuwa nimempigia mama mmoja atupikie muthokoi (mahindi yaliyokobolewa na maharagwe) na kuku wa kienyeji, saa sita mchana. Tulifika saa tisa, kwa sababu nilijaza ratiba. Sikushuka hata. Nilimwambia kupitia dirishani, "Mama, pole, muda umetubana, tutapitia siku nyingine." Sikumlipa, nilijiambia hatujala, basi hatudaiwi. Alikuwa amechinja kuku wanne. Amevaa leso mpya, masizi yamempanda hadi kwenye viwiko, na nyuma yake benchi za kuazima kanisani zimepangwa chini ya mwembe. Hakunigombeza. Alisema, "Haya mwanangu, mwende salama." Nilikosa usingizi kwa hilo neno mwanangu. Baada ya wiki mbili nilirudi na pesa yote. Alipokea, akanipa chai. Lakini miaka tisa sasa, kila nikimpigia, swali lake la kwanza ni: "Mtakula kweli?"

3. Lipeni papo hapo. Mambo ya ofisi kufunga hesabu mwisho wa mwezi hayamhusu aliyenunua mkaa leo.

4. Bebeni mtungi wa maji wa lita 20. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020. Kijijini hakuna askari wa kukukagua getini, lakini takataka hubaki kwa wenyewe.

5. Jueni mnachoonyesha, jamani. Uchongaji huu Mkamba mmoja, Mutisya Munge, aliujifunza kwa Wazaramo, Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani. Mti wa muhugu ulikatwa mpaka ukaadimika, ndiyo sababu siku hizi mnaona mwarobaini na mjakaranda. Hayo yote mchongaji atawaeleza vizuri kuliko mimi, akipewa nafasi. Mgeni wangu mmoja alishikishwa tezo, akaharibu kipande cha kwanza, akaketi kwa muda wa saa tatu akisugua kijiko kwa msasa. Aliondoka na vijiko sita vya mzee na kimoja chake, kimepinda, amekifunga kwenye skafu.

Anayetaka namba ya yule mama aje aniombe. Nitamuuliza kwanza ratiba yake ina vituo vingapi.