Insha 84 za Msitu Usio na Miti

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chuoni hapa Tabora, niliwapa wanafunzi insha ya Kiingereza kuhusu msitu. Nilisahihisha madaftari 84 kwa taa ya chemli kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na nilipofunga la mwisho nikagundua kwamba katika insha zote hizo hapakuwa na mti hata mmoja wenye jina. Palikuwa na miti mirefu, miti mizuri, ndege waimbao na hewa safi. Wengi wa vijana wale walitoka Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Walikua wakila mbula na matonga, matunda ya mwituni. Ungewakuta uani kwao wangekutajia miti ishirini bila kupumzika, lakini mbele ya karatasi wakaandika msitu wa kitabuni.

Nilikasirika, nikawasema darasani. Usiku ule ule nikaikumbuka tasnifu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika zaidi ya kurasa mia juu ya mshairi William Wordsworth na yale maua ya manjano ya kando ya maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, maua ambayo sikuwahi kuyatia machoni, na nikapewa alama nzuri. Wanafunzi wangu walikuwa wamekariri kama nilivyokariri mimi.

Sasa nimestaafu baada ya miaka 31, na bado vijana wanaopenda kazi hii wananipigia simu: madamu, nisome nini ili niwe mwalimu mzuri wa Kiingereza na fasihi? Huwa wanategemea niwatajie vitabu. Nitawataja watu wawili, halafu nitawaambia niliyoyaona kwa macho yangu.

Wa kwanza ni dada yake Wordsworth, Dorothy. Tarehe 15 Aprili 1802 walikuwa wakitembea pamoja wakayakuta maua yale, na yeye akaandika kwenye shajara yake jinsi mengine yalivyolaza vichwa juu ya mawe kama yaliyochoka, na mengine yakicheza kwa upepo uliotoka ziwani. Shairi la kaka yake lilichapishwa mwaka 1807. Kwa maneno mengine, kabla ya shairi palikuwa na mtu aliyesimama, akatazama, akaandika alichokiona siku hiyo hiyo. Nilipolisoma jambo hili nilijiuliza mbona katika miaka yangu yote ya chuo hakuna aliyeniambia nianze na shajara ya Dorothy.

Wa pili ni Rachel Carson wa Marekani. Alipoingia chuo alikwenda kusoma Kiingereza ili awe mwandishi, halafu akahamia biolojia. Wapo waliodhani ameutupa uandishi. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba biolojia ndiyo iliyompa kitu cha kuandika. Alifanya kazi miaka mingi katika idara ya serikali ya uvuvi, na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichoonyesha jinsi DDT na sumu nyingine za wadudu zinavyoingia kwa ndege, samaki na binadamu. Miaka kumi baadaye Marekani ikapiga marufuku DDT mashambani. Kitabu kile hakikushinda kwa utafiti tu. Mwandishi wake alijua sentensi inavyopaswa kusimama, na alikuwa na jambo la kuisimamisha. Kijana akiniambia anapenda kuandika, siku hizi swali langu la kwanza ni hilo: unajua nini kiasi cha kumsimulia mtu mwingine akakaa kukusikiliza?

Mwaka wa pili nilikodi lori dogo Jumamosi moja, nikawachukua wanafunzi 19 hadi kwa mzee mmoja mrina asali, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Niliwaambia waje na daftari na kalamu, na kwamba siku hiyo hakuna kuandika neno "zuri" wala "safi".

Mzee yule alitupokea chini ya mninga. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo babu," naye akajibu, "Marahaba wajukuu zangu, mmekuja kutafuta asali au maneno?" Kisha akatuonyesha jinsi mzinga wa gome unavyotengenezwa. Alichagua mti wa muba, akakata mstari kuuzunguka mti kwa chini, akakata mwingine juu, akapasua gome kutoka mstari hadi mstari, na taratibu akalivua lote kama mtu anayemvua mtoto shati lililolowa. Shina likabaki jeupe, linang'aa maji. Akalikunja gome, akashona mpasuko wake kwa vijiti vilivyochongwa, akaziba ncha zote mbili, akaacha tundu la kuingilia nyuki.

Binti mmoja, mkimya sana, aliyekuwa akipata alama za mwisho darasani, akauliza: "Babu, na huu mti sasa?"

Mzee akautazama mti. "Huu umekufa, mjukuu wangu. Haujajua tu."

Binti yule aliandika ukurasa mmoja. Kiingereza chake kilikuwa na makosa ya nyakati na vihusishi mwanzo hadi mwisho, lakini ulikuwa ukurasa wa kwanza tangu nianze kufundisha ambao niliusoma mara mbili kwa kuupenda. Aliandika kuhusu shina lile jeupe. Aliandika kwamba majani ya juu yalikuwa bado mabichi, yakitikisika kama kawaida, wakati chini chakula cha mti kilikuwa kimeshakatizwa njia. Hakuandika popote kwamba tutunze mazingira, na msomaji alitoka pale akiwa na mti ule kifuani.

Ushauri wangu ninaousisitiza kuliko wote ndio huu, mwalimu mwenzangu: usimpe mwanafunzi mada ya "mazingira". Neno hilo ni kubwa mno, na kila anayelishika anaanza kuhutubia. Mpe mti mmoja. Mpe mzinga wa gome na mzinga wa mbao, auelezee kila mmoja hadi kipofu aweze kuushika. Mpe mlembe, yule ndege anayewaita warina asali na kuwatangulia hadi kwenye nyuki ili baadaye apate nta yake. Mwambie aende Oktoba, ardhi ikiwa kavu hadi imepasuka na mvua haijulikani iko wapi, akaangalie jinsi miombo, miti ya misitu yetu hii, inavyochipua majani mekundu kama shaba kabla ya tone la kwanza kuanguka. Akishayaona hayo atauliza mwenyewe mti unayatoa wapi maji, na akiuliza ameshaanza kuandika.

Lakini kuna kosa nililolifanya ambalo bado linaniuma, na sitaki ulirudie.

Kulikuwa na kijana ambaye baba yake alilima tumbaku. Kwetu tunajua tumbaku ya mvuke inavyokula kuni: ukishajaza bani, kibanda cha kuikaushia, moto hauzimwi karibu wiki nzima, usiku na mchana, na mtu lazima alale pale pale aulinde. Kijana yule aliamua kuhesabu. Likizo nzima alihesabu mikokoteni ya kuni iliyoingia kwenye bani la nyumbani kwao, akaandika ilikotoka, msimu huu na misimu aliyoikumbuka, jinsi safari ya mkokoteni ilivyokuwa ikirefuka kila mwaka. Akaandika pia kwamba ada yake ya chuo ilitoka kwenye bani hilo hilo. Ilikuwa insha bora kuliko zote nilizowahi kupokea.

Nikaisoma kwa sauti kwenye mkutano, mbele ya wageni, bila kumuuliza. Nilidhani namheshimu. Maneno yakafika kijijini kabla yake, na yalifika yamegeuka: kwamba mtoto wa fulani amekwenda chuo kumsema baba yake. Mzee yule alikaa msimu mzima hasemi na mwanawe. Nilisafiri kwenda kumwomba radhi, nikakaa kwenye kigoda nje ya bani, na alinipa michembe na chai akanisikiliza hadi mwisho. Aliniambia kitu kimoja tu: "Mwalimu, hayo aliyoyaandika ni kweli. Ila alitakiwa aanze kuniambia mimi."

Tangu siku hiyo, insha ya mwanafunzi ilikuwa mali yake. Haisomwi, haibandikwi, haipelekwi popote bila yeye kukubali, na ikimgusa mtu wa nyumbani, namwambia kwanza akamsomee huyo mtu. Wengine walifanya hivyo kwa Kinyamwezi, wakitafsiri sentensi kwa sentensi jikoni, na wakarudi na insha iliyobadilika, mara nyingi ikiwa ya haki zaidi.

Hapo kwenye lugha nina neno. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakifika Kidato cha Kwanza wanatupwa kwenye Kiingereza, na wengi hawarudi tena juu. Nilipoteza miaka nikikataza Kiswahili darasani. Ukimkataza mtu lugha anayofikiria, atakupa sentensi alizokariri, kwa sababu ndizo pekee zilizoshapita forodhani. Mwache asimulie kwanza kwa lugha yake. Mwulize maswali kwa lugha hiyo hiyo. Akishajua anachotaka kusema, muulize: sasa Mwingereza utamwambiaje? Na majina ya miti yasiyo na wenzake kwa Kiingereza yabaki yalivyo, muba ibaki muba. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na kufundisha hapa kabla siasa haijamchukua, alimleta Shakespeare kwenye Kiswahili. Mwaka 1963 ilitoka Julius Caesar, mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Kazi ya kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ni kazi ya heshima, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaifanya kila siku bila mtu kumpongeza.

Kuhusu kusahihisha sina mengi. Soma mara ya kwanza bila kalamu mkononi, jibu alichosema kabla ya alivyokisema, kisha chagua aina moja ya kosa, moja tu, lifanyie kazi wiki hiyo. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi. Linafungwa. Na wewe mwenyewe andika kazi ile ile unayowapa, uwasomee, wakukosoe.

Ujue pia kwamba kazi hii ina gharama yake. Chuoni unapanda cheo kwa machapisho. Jumamosi unazokaa msituni na wanafunzi hazihesabiwi, na saa unazotumia kusoma rasimu ya tatu ya mtoto wa mtu hazina safu kwenye fomu yoyote. Kuna aliyeniuliza kikaoni, waziwazi, nyuki wanahusiana nini na idara ya Kiingereza. Nilipanda taratibu kuliko wenzangu nilioanza nao, na miaka fulani hilo liliniliza. Kama una familia inayokutegemea, pangilia: andika makala zako, chapisha, usiache. Mimi nilichelewa kuelewa kwamba insha za wanafunzi na safari zile zingeweza kuwa utafiti wangu mwenyewe, na nilipoanza kuziandikia ndipo milango ikafunguka kidogo.

Yule binti wa shina jeupe ni mwalimu Sikonge. Juzi alinitumia picha ya ubao wa darasa lake la Kidato cha Pili. Wanafunzi wamechora ramani ya njia kutoka barabarani hadi shuleni kwao, na kila mti uliopo njiani umepewa namba na jina: mtundu, mninga, muba, muba, mbula. Namba 17 pana mstari mtupu. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba darasa zima halikuujua mti huo, wala yeye, na kuna mtoto ametumwa akamuulize bibi yake.