Kabla ya kuilaumu bureti, pima maji ya dumu

Mwalimu mmoja wa Pemba ameniletea ujumbe: mtihani wa vitendo wa kemia wa Kidato cha Nne umekaribia, asidi ameichanganya kwa vipimo sahihi, na bado wanafunzi wake wakiidondosha kwenye kaboneti ya sodiamu hadi rangi ibadilike wanatumia ml 26 na ushei pahala pa 25. Kiashiria, ile dawa ya kubadilisha rangi, ameshabadilisha. Sasa skuli inataka kuagiza bureti mpya, ile mirija ya vipimo yenye koki ya kudondoshea asidi.

Mwalimu, anza na dumu la maji.

Sehemu kubwa ya Unguja, na mashariki ya Pemba, ni mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yakipita humo huyeyusha chokaa na kutoka na bikaboneti. Ule ukoko mweupe wa ndani ya birika ndio ushahidi wake. Bikaboneti hula asidi. Tuseme maji yana miligramu 300 za bikaboneti kwa lita: asidi uliyoitaka iwe 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) hubaki karibu 0.095, na mwanafunzi aliyefanya kila kitu sawasawa atahitaji ml 26.3. Kasoma kwa uaminifu, na hesabu yake haitoki. Ukitumia maji hayohayo kwenye kaboneti ya sodiamu, chupa huingia ukungu mweupe, basi usihangaike kuichuja. Mwaga.

Kuyapima ni kazi ya dakika tano. Chukua ml 25 za maji, tia matone mawili ya kiashiria cha methili orenji, kisha dondosha asidi ya 0.1 M kutoka kwenye bureti. Maji mazuri hubadilika kwa tone moja au mawili. Hayo ya miligramu 300 yatakunywa karibu ml 1.2. Asidi ya kupimia itengeneze kwa maji ya sindano ya duka la dawa. Kidogo tu yanatosha.

Kama hakuna maji yaliyotoneshwa, kinga mvua ya masika. Acha nusu saa ya mwanzo ioshe bati, maana kuna vumbi, mavi ya ndege na chumvi ya upepo wa bahari. Weka kwenye madumu ya plastiki, si kwenye tangi la saruji, kwani saruji nayo hutoa chokaa. Anayengojea vuli kachelewa. Kwa haraka, maji yanayotiririka kutoka kwenye kiyoyozi cha ofisi hufaa, lakini yachuje na uyapime vilevile. Kuchemsha hupunguza ukoko, ila chumvi haiondoki.

Kwa wanafunzi 40, hesabu ml 150 za kila myeyusho kwa mmoja, yaani lita 6. Asidi hidrokloriki ya asilimia 36: ml 8.6 kwa lita, jumla ml 52 hivi. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe usigeuze, na fanyia nje penye upepo. Kaboneti isiyo na maji: gramu 5.3 kwa lita, jumla 31.8. Hii kwa unyevu wetu huvuta maji kopo likifunguliwa tu, na sehemu ya gramu zako inakuwa maji. Ikaushe kwa moto kwenye kibakuli cha kauri, iache ipoe imefunikwa, ndipo uipime.

Bureti suuza kwa asidi, pipeti (mrija wa kuvutia kipimo) kwa kaboneti, chupa ya koni kwa maji peke yake. Wengi hukosea hapo pa mwisho: wanaisuuza koni kwa kaboneti na kuongeza kipimo bila kujua. Toa funeli kabla ya kusoma, toa na kiputo chini ya koki. Rangi ikishakuwa nyekundu umepitiliza. Simama kwenye rangi ya chungwa. Na tafadhali, watoto kumi kuzunguka bureti moja huku mmoja akishika koki, hayo si mazoezi ya vitendo. Wape hata sindano za ml 5 wajifunze mkono.

Jambo jengine: maji ya kisima cha karibu na pwani yana kloraidi ya chumvi ya bahari. Siku ya kutambua chumvi, nitreti ya fedha, dawa ya kupima kloraidi, itatoa wingu jeupe kwenye kila chupa, hata ile ya chumvi isiyo na kloraidi.

Bureti zisiagizwe bado.