Usialike mtu kabla hujajua nani ananunua tiketi yake

Mkuu, hiyo barua pepe ya mwaliko unayotaka kuwatumia watu kumi na wawili Ijumaa, usiitume. Umeuliza kundi lenu la utafiti liwe na watu wangapi, wakae wiki ngapi kwenye kituo cha kukutania watafiti, taaluma zichanganywe vipi na muombe kituo gani, halafu katikati ukapenyeza kasentensi kwamba gharama si tatizo kwa sababu "kituo kinatupokea". Nilipofika hapo sikuendelea kusoma. Hapo ndipo sisi tulipoumia.

Kituo kukupokea hakumaanishi kitakulipia nauli. Mara nyingi kinachotolewa ni kitanda, chakula, ukumbi, maktaba na mratibu wa kukusaidia ratiba. Kituo cha Banff kule Kanada, kinachopokea vikundi vya hisabati na sayansi za jirani zake tangu 2003, kinakulaza na kukulisha, nauli unajitafutia. Oberwolfach ya Ujerumani, iliyoanza 1944, kwa kawaida ni hivyo hivyo. Dagstuhl, hapo hapo Ujerumani, ambako watu wa kompyuta hukusanyika, mshiriki anachangia malazi na chakula kwa bei iliyopunguzwa. Sasa nenda American Institute of Mathematics huko Marekani: wana mpango wa vikundi vya watu 4 hadi 6 wanaokaa pamoja wiki nzima na wanaweza kurudi mwaka unaofuata, na wao wanagharamia hadi safari. Usichukue desturi ya kituo kimoja ukadhani ndiyo ya kingine.

Sisi tulidanganywa na ofisi ya utafiti ya chuo chetu. Afisa aliyekuwa akilishughulikia andiko letu la kuomba nafasi kituoni alituambia kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba kituo kinabeba kila kitu. Mwongozo wa kituo hakuwa ameufungua. Hadi leo nikikumbuka nakasirika, kwa sababu hakupoteza hata senti moja, na tulipomrudia alitujibu kwamba tulipaswa kuwa tumesoma wenyewe. Kama kazi ya ofisi hiyo si kusoma masharti ya fedha, basi ni nini?

Kwenye bajeti yetu usafiri ulikuwa na mstari mmoja tu, na kwenye safu ya mlipaji pameandikwa "kituo". Andiko likapita, watu wakaalikwa, wakakubali, wakabadilisha ratiba zao. Barua rasmi ilipokuja, aya ya tatu ikasema nauli ni juu ya mshiriki; kuna mfuko mdogo unaoweza kurejesha sehemu yake baada ya safari, ukiwasilisha risiti na vipande vya pasi ya kupandia ndege.

Baada ya safari! Nani ana hela ya kununua tiketi ya kuvuka bahari leo, kisha asubiri miezi kadhaa arudishiwe kiasi fulani? Maprofesa wenye ruzuku zao walinunua bila kutikisika. Kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya uzamivu alikopa, na marejesho yalimfikia riba imeshamla. Mwanaanthropolojia wetu, ambaye data zake za nyanjani ndizo zilizobeba swali zima la utafiti, alijitoa. Kwenye ubao wa ukumbi tulikuwa tumechora safu ya kila taaluma, na ya kwake ilibaki na kichwa cha habari tu. Wanahisabati wakakaa wakiunda modeli za kaya ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia. Tulipata makala, ndiyo, ila si ile tuliyoahidi kwenye andiko, na sioni tena sababu ya kukutana chini ya paa moja kama wanaokuja ni wale tu wenye hela.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la mtu yeyote, mwandikie mratibu wa kituo na umtake ajibu kwa maandishi. Nauli ya kila mshiriki inalipwa na nani? Je, kituo kinaweza kununua tiketi moja kwa moja, au ni lazima mtu atoe kwanza? Ada ya visa na bima zinarejeshwa? Atakayewahi kuondoka anakatwa chochote? Akikujibu kwa simu, mwandikie muhtasari wa mlichoongea na umwombe athibitishe. Chochote kituo hakilipi kinaingia kwenye ombi la ruzuku nyingine, tena kama malipo ya mapema. Mfadhili akikataa kutoa mapema, iulize ofisi ya fedha ya chuo chako kama inaweza kununua tiketi na kudai yenyewe. Chuo kinaweza kusubiri marejesho, mwanafunzi hawezi.

Visa nayo ina kalenda yake. Kama ni nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia visa moja, maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na uamuzi ambao kwa kawaida huchukua siku 15 unaweza kuvutwa hadi 45. Wanaotaka kukaa zaidi ya siku 90 wanaingia kwenye visa ya taifa husika, ambayo ina foleni yake. Barua ya kituo ikitaja wazi nani analipa malazi na nauli, ubalozini inasaidia sana. Ikiwa na maneno ya jumla jumla, mwombaji mwenye akaunti nyembamba ndiye anayekataliwa.

Idadi ya watu? Wawe wale ambao tiketi zao zina mlipaji. Wanane waliolipiwa watafanya kazi kuliko kumi na wawili ambao nusu yao wataishia kwenye skrini, wakikosa mazungumzo ya mezani jioni, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kukaa pamoja. Suala la kuchanganya taaluma sijaligusa, na wapo humu wanaolijua vizuri. Mratibu akishakujibu, ibandike hapa ile aya ya fedha, ufute majina. Nitaisoma mstari kwa mstari.